Zimwala Si Dada Yangu

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imeanza leo asubuhi, ikazikuta nguo zangu kambani. Nimenunua daftari hili kwa sababu moja tu. Kuanzia Jumapili, riwaya yangu *Lango la Ngurumo* itaonyeshwa kwenye televisheni, vipindi vinane, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, nami nataka kuweka kumbukumbu ya kila watakachobadilisha. Tarehe, kipindi, ukurasa. Siku ya kubishana ikifika, asinikute mtu mikono mitupu.

Kila mtu ananiambia nifurahi. Mwalimu wa Kiswahili hapa Umoja, Nairobi, mjane, miaka hamsini na minne, kitabu kimoja maishani, na sasa nchi nzima itakiona! Lydiah, mwenye kampuni ya filamu, alinipa mwavuli wenye jina la tamthilia siku niliyotia sahihi mkataba. Mtu anayekupa mwavuli jua likiwaka anajua jambo ambalo wewe hulijui. Nilipofika nyumbani nikasoma kifungu cha tisa: wana ruhusa ya "kurekebisha wahusika na matukio kwa mahitaji ya skrini". Mimi nina neno la kukubali au kukataa katika kipindi cha mwisho tu.

Jannat, binti yangu, anafanya kazi kwa Lydiah, upande wa mavazi. Yeye ndiye aliyewapelekea kitabu.

"Mama, watu wa TV si maadui," aliniambia leo.

"Nani kasema ni maadui? Nimesema ni watu wa TV."

Jumapili, 6 Aprili

Kipindi cha kwanza.

Daftari hili likifika kwa wakili ambaye hajasoma kitabu, na ajue hivi. Kivumo ni nchi iliyo juu ya mawingu, ambako ngurumo huwekwa ndani ya mitungi nyuma ya lango kubwa. Mwenye funguo ni mchawi Zimwala. Nali, mdogo wake, anatoka mbali kuja kumwona mama yao mgonjwa, na Zimwala anamfungia lango usoni. Mama anafia ndani. Kitabu chote kilichobaki ni Nali akitafuta namna ya kulivunja lango lile, hadi analivunja, na Zimwala anageuka jiwe.

Walichobadilisha: Joka la vichwa saba sasa lina vichwa viwili, na kimoja hakifumbui mdomo. Wachukuzi pacha Tindi na Tando wamekuwa mtu mmoja, Tindi. Maneno mazuri ya Tando yametupwa. Nali wangu ana miaka kumi na minne. Nali wao ni mwanamke mzima mwenye kucha ndefu.

Haya yote naweza kuyameza. Lakini kipindi hakikuanza na Nali. Kilianza na Zimwala akiwa mtoto, amechuchumaa kwenye soko la mawinguni, akikaanga mahamri. Mafuta yanamwagika juu ya mkono wake wa kushoto. Hapigi kelele. Anauficha mkono ndani ya vazi lake, anaendelea kukaanga kwa ule mwingine, kwa sababu mdogo wake hajala.

Nilisimama. Jannat akaniuliza kama nataka chai.

Dada yangu Mgeni ana kovu la mafuta mkono wa kushoto, kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Lilimpata tukiwa watoto Makongeni, kwenye nyumba za reli, baba akiwa karani wa mizigo. Kitabuni hakuna mafuta yaliyomwagika. Nimepekua sasa hivi. Zimwala haonyeshi mkono wake wa kushoto, basi. Niliandika hivyo ili atishe.

Zimwala si dada yangu. Nimewajibu hivyo wote walioniuliza kwa miaka tisa. Mgeni na mimi hatujasemezana kwa miaka kumi na mmoja, ingawa toka kwangu hadi kwake Kariobangi ni mwendo wa miguu. Sasa nani aliyewaambia?

Jumatatu, 7 Aprili

Patrobas, anayefundisha Jiografia, ameniambia mbele ya walimu wote: "Ni nzuri kuliko kitabu, Mwalimu. Huyu mchawi sasa namwonea huruma. Kitabuni nilitaka tu afe."

Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 12 Aprili

Jannat amerudi na kopo la mahamri. Nilipolifungua, iliki ikanipiga puani. Iliki nyingi kuliko adabu, na tui zito. Namjua mtu mmoja tu Nairobi hii anayetia iliki hivyo.

"Umeyapata wapi?"

"Huko job. Kuna mama huwa anatuletea."

"Mama gani?"

"Mama tu, Mama."

Nilikula mawili. Nilitaka kuhakikisha.

Jumapili, 13 Aprili

Kipindi cha pili. Nali amepewa mchumba. Hakuna lolote la nyumbani kwetu. Hilo nalo limenitia shaka: mwizi mwerevu haibi kila siku.

Jumapili, 20 Aprili

Kipindi cha tatu. Wamefanya tena.

Zimwala anaitwa kusoma Chuo cha Ngurumo, wa kwanza katika ukoo wao. Anashonewa mkoba. Kisha mama anaugua. Zimwala anautundika mkoba ukutani, anamsukuma Nali njiani na kumwambia, "Nenda wewe. Mimi nitabaki na mama." Nali anaondoka akirukaruka, hata hageuki nyuma.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu! Mgeni alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza. Baba alikuwa ameshamnunulia mkoba wa ngozi. Mama akalazwa kwa kifua, akarudi hajiwezi, na Mgeni akabaki nyumbani kumwuguza na kukaanga mahamri ya kuuza. Miaka minne baadaye nafasi ikaja kwangu, nikaenda. Sikumbuki kama niligeuka nyuma.

Habari hii tunaijua mimi na Mgeni. Na Jannat, niliyemsimulia mwenyewe mara moja alipokuwa hapendi kusoma. Nilimsimulia ili aijue bahati yake. Sikumsimulia ili aitoe nje.

Kipindi kilipokwisha nikamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukumawiki sokoni, "Kule kazini huwa mnaongea nini na waandishi?"

"Waandishi hawaongei na watu wa nguo, Mama."

"Hata huyo Kweyu anayeandika?"

"Kweyu huniita 'wewe wa sindano'. Hajui hata jina langu."

Jibu lilikuwa tayari mno.

Jumanne, 22 Aprili

Jannat amepokea simu chooni. Nimesikia "sawa", "Jumatano" na kicheko. Kwangu hacheki hivyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Caleb, kijana wa bodaboda wa pale langoni kwetu, amenisimamisha nikitoka sokoni.

"Mwalimu, umwambie Jannat hii Jumatano nitachelewa kidogo kumpeleka Kariobangi."

"Kariobangi wapi?"

"Si kule kwa ule mathe wa mahamri, nyuma ya soko. Kila Jumatano, tangu mwaka jana." Kisha akaniangalia usoni. "Ama ni kitu sikufaa kusema?"

Nikamwambia amefanya vyema. Nimerudi nyumbani na nyanya zangu, nikakaa, nikaziangalia hadi giza likaingia.

Mwaka mzima. Binti yangu anakaa kwangu, anakula kwangu, na kila Jumatano anakwenda kwa mwanamke aliyemzika mama yangu bila mimi. Anachota maneno huko, anayamwaga kwa Kweyu. Sasa kila kitu kina maana: kwa nini aliwapelekea kitabu, kwa nini mchawi amepakwa asali. Si filamu ya kitabu changu hii. Ni utetezi wa Mgeni.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwandikia Lydiah. Nimesema kuna mtu katika kampuni yake anayetoa siri za familia yangu kwa waandishi, na nisipoona hatua imechukuliwa, kipindi cha mwisho sitakiidhinisha. Sikutaja jina. Nimesoma barua mara mbili, sikuona kosa hata la koma. Nimetuma.

Jumapili, 27 Aprili

Kipindi cha nne. Joka limepata kichwa cha tatu. Mengine sikuyaona, nilikuwa namtazama Jannat akitazama.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika polepole ili nisijipendelee.

Jannat alirudi saa tisa mchana, amelowa, amebeba mfuko wake wa sindano na mikasi. Aliuweka mezani taratibu.

"Mama, uliandika barua?"

"Niliandika."

"Lydiah ananiambia nipumzike hadi mambo yatulie. Nimeuliza yatatulia lini, hajui. Msichana mwingine anaanza keshokutwa."

"Sikutaja jina la mtu."

"Pale kuna watu wangapi wa familia yako?"

Nikaona niseme lililonifanya niandike. "Unakwenda kwa Mgeni."

"Nakwenda. Mwaka mzima sasa."

"Na maneno yake unayapeleka kwa Kweyu."

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi ya daktari. "Mama, nakwenda kula. Nakwenda kukaa na mama mkubwa wangu. Hajawahi kuongea juu ya hiyo filamu hata siku moja. Wewe pia hakusemi. Unajua huniuliza nini? Kama mgongo bado unakusumbua."

"Mbona ukanificha?"

"Kwa sababu ya huo uso uliouvaa sasa."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilisema msaliti. Nilisema damu ya Mgeni. Nilisema kama mahamri ni matamu hivyo, ahamie huko. Nilitegemea alie, maana akilia huwa ugomvi wetu unakwisha hapo. Hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na begi.

"Unakwenda wapi?"

"Umeshaniambia."

Mwavuli wa Lydiah aliuacha mlangoni. Alishuka ngazi mvua ikinyesha. Nilisikia pikipiki ya Caleb ikiwaka, kisha ikafifia.

Hata sasa naamini nina haki. Mtu asiye na hatia hahami siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Mvua kutwa. Sikupiga simu. Naye hakupiga.

Jumapili, 4 Mei

Kipindi cha tano. Wamevaa mavazi mazuri. Nilitaka kuuliza lipi ameshona yeye, nikakumbuka niko peke yangu.

Jumanne, 6 Mei

Maji yameingia nyumba zote za chini. Watoto wanaelea juu ya vipande vya godoro, wanafurahi. Nimejikuta nawaza Kariobangi kukoje. Nikajikemea.

Jumapili, 11 Mei

Kipindi cha sita. Lango.

Nimekingoja tangu Aprili, kwa sababu lango ndilo kitabu chenyewe. Nitaeleza lilikotoka, kwa kuwa hapa hakuna wakili tena, ni mimi na karatasi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikwenda Kisumu, semina ya walimu, siku sita. Mama alizidiwa Jumatatu. Akafa Alhamisi alfajiri, akazikwa makaburini Kariokor siku ile ile. Mgeni alinipigia simu baada ya Alasiri. "Mama ametangulia. Tumeshamzika." Siku nne hakunipigia. Nilifika usiku, nikakuta kitanda kimekunjwa. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Yameshapita." Sikumwuliza tena. Miaka miwili baadaye kitabu kikatoka.

Leo kwenye televisheni Nali anafika langoni, anapiga, anaita. Zimwala yuko upande wa pili, ameegemeza kicha chake cha funguo kifuani. Anataka kufungua. Kisha mama, kwenye mkeka, anamshika mguu: "Usimfungulie. Asinione hivi. Akumbuke nilivyokuwa." Na Zimwala anafunga, analia, huku Nali nje anamlaani.

Basi hiyo ndiyo sababu? Mama ndiye aliyesema? Na kama Mgeni alikuwa na neno hilo miaka yote hii, ameliweka wapi, hadi aje kulitoa kwa watu wa kamera badala ya kunipa mimi?

Sikuzima televisheni. Habari zilikuja, zikaisha. Safari hii sitaandika barua. Nitakwenda mwenyewe kwa huyo Kweyu.

Jumatano, 14 Mei

Wanapigia picha kwenye bohari moja karibu na viwanda vidogo vya Kariobangi, nje mafundi wanagonga mabati, ndani kuna mawingu ya pamba yananing'inia kwa kamba. Msichana nisiyemjua alikuwa akishona mkono wa vazi la Zimwala. Nilipita bila kumtazama.

Kweyu ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Juu ya meza yake kulikuwa na kitabu changu kimevimba, kimejaa vikaratasi.

"Mwalimu! Karibu. Nimekisoma mara kumi na moja."

Sikuketi. "Nani aliyekuambia kuhusu mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Mkono wa Zimwala."

"Wewe," akasema. Akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma: "'Nali alipolala, alisikia kwenye nguo za dada yake ile harufu ya mafuta ya kukaangia.' Halafu huku mbele, Zimwala haonyeshi mkono wa kushoto. Mara tano umesema. Mama yangu alikaanga samaki kwa kuuza miaka mingi. Mikono hiyo naijua."

Mimi sikukumbuka kuandika harufu ile.

"Na chuo? Kitabuni hakuna chuo."

"Kuna mkoba." Ukurasa wa themanini na nane. "Umetundikwa ukutani kwa mchawi. Umesema ngozi yake ni mpya, haijawahi kubebwa. Nikajiuliza, mchawi ana mkoba wa shule wa nini?"

Nikakaa.

"Na lango?"

"Hapo nilibuni kidogo. Maneno ya mwisho ya mama kitabuni ni 'Msimwamshe mdogo.' Nikafikiri labda hakutaka mdogo amwone akifa. Kama nimekosea niambie, Mwalimu."

"Sijui kama umekosea."

"Kwani ni hadithi ya kweli?"

"Hapana," nikasema, kama ninavyosema siku zote. Kisha nikauliza lile nililokwenda kuuliza. "Jannat alikuambia nini?"

Akafikiri kwa dhati. Niliona anajaribu. "Jannat ndiye nani?"

"Wa sindano."

"Ah, yule! Siku hizi simwoni. Yule haongei na mtu."

Alhamisi, 15 Mei

Nimesoma kitabu changu kama cha mtu mwingine. Yote yamo. Mafuta, mkoba, hata namna Mgeni anavyoinua mto wa mgonjwa kwa mkono mmoja. Niliyatia humo kwa mkono wangu, kisha nikamfukuza mtoto kwa kuyatoa.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda asubuhi, kwa miguu. Mgeni anakaa chumba cha chini nyuma ya soko, mlango uko wazi, jiko liko kizingitini. Alikuwa ameketi mbele ya karai. Amezeeka. Jannat alikuwa ndani anakata donge la unga.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," akasema Mgeni, hakuinuka. "Vua viatu, una matope."

Miaka kumi na mmoja, na hilo ndilo neno la kwanza. Nikavua.

Nilianza na Jannat. "Kweyu hajui jina lako."

"Nilikwambia."

"Ulinambia. Nisamehe, mwanangu."

Alikata mahamri manne, matano. "Nimekusikia, Mama," akasema.

Nikavuta kigoda. "Dada, unaiangalia ile tamthilia?"

"Kila Jumapili."

"Kile cha lango je? Mama ndiye aliyekuambia usiniite?"

Aligeuza mahamri, moja moja, hadi yote yakawa yamegeuka. "Ungependa iwe hivyo?"

"Nataka kujua."

"Basi sikiliza. Mama hakusema hivyo. Mama alikuulizia. Jumanne alikuulizia. Jumatano mara mbili. Nikamwambia, yuko njiani."

"Na simu hukunipigia."

"Sikukupigia."

"Kwa nini?"

Jannat alisimamisha kisu. Mgeni alinitazama, na macho yake hayakuomba kitu.

"Miaka thelathini nimemwosha, nimemlisha, nimemgeuza. Wewe ukija na mfuko wa machungwa, anaamka, anacheka, anataka kukalishwa vizuri. Ukiondoka anageukia ukuta. Nikasema, safari hii awe wangu. Mara moja tu awe wangu peke yangu. Nilijua ni vibaya, Sundus. Nikafanya huku najua."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Hakuna aliyetia kitu.

"Kitabu chako kilinionea," akasema. "Mimi si mchawi. Lakini hawa wa televisheni wananipendelea. Siku ile ya lango nilizima nikatoka nje, nikakuta majirani wanamlilia yule mwanamke. Yupi? Huyo simjui. Kama hawajamaliza kazi yao, waambie wasinioshe. Nitaoshwa siku yangu ikifika."

Nilivaa viatu, nikaondoka, matope hadi vifundoni. Miaka kumi na mmoja nimemshuku, na nilikuwa sahihi. Nilidhani siku nitakayojua niko sahihi nitatembea wima. Nilifika barabarani nikashika nguzo ya stima nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Jumapili, 18 Mei

Kipindi cha saba. Sikuangalia.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda kwa Lydiah na mkataba wangu. Kipindi cha mwisho nina neno, nami nimelisema. Walivyoandika wao, Nali anavunja lango, anamwuliza Zimwala kwa nini, Zimwala anajibu, "Mama aliniomba," wanakumbatiana. Sitaki jiwe langu lirudi. Nataka jibu hilo moja libadilishwe.

"Picha zimekwisha," akasema Lydiah. "Siwezi kurudisha watu wote."

Kweyu alikuwa dirishani. "Zimwala ametupa mgongo pale. Midomo haionekani. Sentensi moja inaingia."

"Watazamaji watamchukia tena!"

"Wengine," nikasema.

Lydiah alisoma sentensi yangu, akakubali. Kuhusu Jannat, nafasi imeshakwenda. Akasema atamwita kazi nyingine ikipatikana. Nimemwandikia Lydiah barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, nikikiri kwamba nilimsingizia mtu, na safari hii nimetaja jina: langu. Nakala nimempelekea Jannat, pamoja na ile sentensi, amsomee mama mkubwa.

Akajibu jioni: "Mama mkubwa anasema hiyo ndiyo. Anasema uje Jumapili. Vaa viatu vya mvua."

Kuhusu kurudi nyumbani hakusema.

Jumapili, 25 Mei

Kipindi cha mwisho.

Mvua ilikatika mchana. Nilifika kwa Mgeni saa kumi na moja na nusu. Jannat alinifungulia, akanipokea mfuko, akanionyesha pa kukaa, kama mgeni mwingine yeyote. Ameanza kushona sare za shule kwa fundi mmoja Gikomba. Anasema atakaa huku kwanza. Nilitaka kubisha, nikavua viatu.

Tuliketi watatu mbele ya televisheni ndogo. Joka lilikufa upesi, vichwa vyote vitatu. Mgeni alicheka kidogo alipouona ule mkia wa bandia. Kisha Nali akavunja lango, akaingia, akakuta mkeka mtupu. Zimwala alikuwa amempa mgongo.

"Kwa nini?" Nali akauliza.

Sauti ikatoka kwenye mgongo ule, nzito, bila kilio: "Hakuna aliyeniomba. Nilitaka awe wangu, mara moja tu. Nilifunga huku najua."

Upande wa pili wa ukuta jirani akapiga yowe: "Ala! Kumbe!"

Na Nali akamkumbatia, kwa kuwa picha ilikuwa imeshapigwa tangu Machi na hakujua angejibiwa hivyo. Alimkumbatia kwa sababu nyingine kabisa. Hakuwa na hiari. Mimi nilikuwa nayo.

Mgeni hakugeuza uso. Aliangalia majina ya watu yakipanda kwenye skrini kana kwamba anamtafuta mtu. Jannat alikuwa ananitazama mimi.

Sikumkumbatia dada yangu. Singeweza, na angejua. Niliinuka nikazima televisheni, nikarudi, nikasogeza kiti hadi magoti yetu yakagusana.

"Nihadithie zile siku nne," nikamwambia. "Moja moja. Usiruke kitu, hata kilicho kibaya."

Alifuta mikono yake kwenye leso, akaanza na Jumatatu.